Jibu la Mgeni

Mwalimu Davis alibakiwa na mama mmoja tu duniani, na mama huyo alikuwa na jirani ambaye kijiji kizima hakikuruhusiwa kumsalimia. Jirani mwenyewe si mtu baki. Ni Limi, mjane wa baba mkubwa wa Davis, mwanamke aliyemfuta kamasi na kumchapa na kumlisha wakati mama yake yuko mpungani. Nyumba zao zilitazamana. Kuku wao walichanganyikana, maana kuku hawajui sheria.

Kosa la Limi lilikuwa kukaa. Kwa Wasukuma wa upande ule wa Segese, ukipigwa mwano, lile yowe la kuitana, kila mwenye miguu anatoka. Ugali uko chunguni au sahanini, unauacha. Msimu wa mvua uliopita mwano ulipigwa kwamba ng'ombe wameibwa, mwizi ameonekana, na mwizi ni Ngassa, mtoto wa Limi. Kijiji kikamwagika na fimbo na mapanga. Limi akabaki kizingitini kwake, mikono magotini. Ngassa alikimbilia machimboni Geita, asisikike tena, na kesi ikamrudia mama yake. Sungusungu walipomwuliza kwa nini hakuitikia mwano, aliwajibu, "Mngenipa fimbo ya namna gani ya kumpigia mwanangu?"

Jibu zuri, ila halikumsaidia. Akatozwa mchenya, ile faini ya kimila: dume la ng'ombe, lichinjwe, watu wale. Na dume litoke zizini kwake mwenyewe. Ndugu haruhusiwi kumlipia, kwa sababu adhabu ya kulipiwa si adhabu. Zizi la Limi lilikuwa limeota mbaazi pori tangu mumewe afariki. Kwa hiyo akatengwa mpaka alipe, ambayo ni njia ya upole ya kusema akatengwa mpaka afe.

Usidhani alipigwa. Hakuna aliyemgusa hata ukucha. Watu walinyamaza tu. Akifika kisimani, ndoo zinasogezwa. Akienda duka la kijijini, mwenye duka anakumbuka kazi ya stoo. Chumvi akawa anaifuata kwa miguu hadi Segese, dukani kwa Irfan, ambaye alimuuzia bila kumtazama, kwa sababu na yeye wateja wake ni walewale. Na atakayemsemesha, anabeba tengo lake na kuingia nalo nyumbani kwake. Hapo ndipo palipomkaba Davis. Yeye anafundisha Kiingereza mjini Shinyanga, amepanga Ngokolo, angeweza kutengwa na kijiji akaendelea kunywa chai yake. Lakini mama yake, Klara, macho yalikuwa yameingia ukungu. Watoto wa majirani ndio waliomchotea maji na kumshika mkono kwenda kanisani. Mjini hataki kusikia. "Baba yako nimemlaza hapa," alisema, "nikamwachie nani?" Kumtenga Klara ni kumzika akiwa anapumua.

Haya yote yangevumilika, au tungejidanganya kwamba yanavumilika, kama si Martina. Martina ni binti wa Limi, rika la Davis, walisoma darasa moja mpaka la saba. Alikuwa mjamzito, siku zake zimewadia. Mwenye mimba ni mchimbaji wa maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Geita, ambaye simu yake haikupatikana tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Mwezi uliopita, Martina alipokuwa bado anaweza kutembea, nesi wa Segese alimpima akamwambia mtoto amelala kwa kukingama. Asithubutu kuzalia nyumbani. Aende hospitali Kahama akakae huko asubiri. Aende na nini? Vijana wa bodaboda wote walikuwa watoto wa kijiji. Miguu ya Martina sasa ilikuwa imevimba, hata kiatu hakiingii.

Ndipo zikaja habari za wageni. Ofisa wa ubalozi wa nchi moja ya Ulaya, dada wa Kizungu, alikuwa akizunguka vijiji vya Kanda ya Ziwa kuzungumza na wananchi kuhusu haki za binadamu. Wenyewe waliuita mkutano wa wazi: si hotuba, ni watu kusema na kusikilizwa. Mkalimani aliyekuja naye kutoka Dar es Salaam hakujua hata neno la Kisukuma, akaachwa mjini, na shirika lililoandaa ziara likamtafuta Davis. Alipoambiwa kijiji ni chake, moyo ulimruka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alijua Limi atakuja, na alijua Limi atasema.

Siku ya mkutano, asubuhi, akaenda kwa Makoye, mtemi wa sungusungu. Alimkuta zizini anasimamia ukamuaji, na wazee wawili wamekaa juu ya magogo.

"Shikamooni, baba."

"Marahaba, mwalimu. Umetuletea Wazungu?"

Davis akauliza bila kuzunguka. Limi akisimama leo kusema, na yeye akageuza maneno yake kuwa Kiingereza, je, atakuwa amemsemesha mtengwa?

Wazee wakalipokea swali kwa furaha. Hawakupata swali jipya tangu lile la mbuzi aliyezalia mpakani. Wakalijadili maziwa yakipoa. Mmoja akasema mkalimani ni mdomo, na mdomo hauna kosa. Wa pili akasema basi hata mwizi aseme mkono hauna kosa. Makoye alisikiliza, akatema mate pembeni, akakata shauri.

"Limi akisema, wewe ukamwambia Mzungu, umesema na Mzungu. Mzungu hatujamtenga. Hapo huna kosa."

"Ahsante, baba."

"Ngoja. Mzungu akimjibu, wewe ukageuka ukamwambia Limi kwa Kisukuma, hapo umesema na nani?"

Davis akayatazama maziwa.

"Unaona mwenyewe," Makoye akasema, na kwa haki ya Mungu hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwenye kupenda mambo yakae sawa. "Maneno yake yatoke. Ya kurudi hayana njia. Na mama yako ni jirani yetu, mwalimu, tunampenda. Usitutie majaribuni."

Davis aliondoka akijifariji. Si ndicho kilichohitajika? Maneno yatoke. Mgeni akishajua, atajua la kufanya. Wazungu wana simu, wana magari, wana mawaziri wanaowapokea. Jibu la nini? Alijiambia hivyo njia nzima, na kila alipojiambia aliamini kidogo zaidi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, soda zikagawiwa. Watu wa shirika walikuwa wametangulia Geita kuandaa kipindi cha redio cha jioni, kwa hiyo mgeni alifika na watu wawili tu: Edward, dereva, aliyebaki garini nje ya geti, na mwanaume mmoja wa Kizungu mwenye waya sikioni, ambaye hakukaa kabisa. Mgeni mwenyewe alikuwa kijana, amechomwa na jua puani, na alisikiliza kweli. Kina baba wakasema juu ya vumbi la malori ya mgodini. Kina mama wakasema juu ya maji. Davis aligeuza maneno huku na huku, yakitiririka vizuri, na mgeni akawaambia kwamba kila mtu ana haki ya kusema bila hofu. Watu wakapiga makofi. Makoye naye akapiga.

Kisha Limi akasimama.

Alikuwa amekaa peke yake nyuma, juani, pembeni ya turubai. Aliposimama, uwanja ulizima. Waliokuwa wakinywa soda wakashusha chupa. Watu wakatazama miguu yao, wote kwa pamoja, hata watoto. Mgeni aligeuza shingo kutafuta kilichotokea.

Limi hakulia. Alisema kwa Kisukuma, polepole, kwa sababu sauti yake haikuwa imetumika mbele za watu muda mrefu. Akaeleza mwano, akaeleza fimbo, akaeleza dume asilokuwa nalo. "Mimi sijaja kuomba wanisalimie," alisema. "Salamu wakae nazo. Nina binti ndani, mtoto amemkingama, na hakuna wa kunibebea. Naomba mtu wa kumfikisha Kahama. Hilo tu."

Davis aligeuza. Hakuacha kitu. Alitafuta maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kufundisha, akayapanga moja moja, na aliona uso wa mgeni ukibadilika. Akafikiri, limefika. Mungu wangu, limefika.

Mgeni hakungoja hata amalize. Alimtazama Limi moja kwa moja, akasema kwa Kiingereza kwamba amesikia, kwamba anasikitika sana. Kwamba gari lao lina nafasi. Wanapita Kahama leo hii, mkutano ukiisha, kujaza mafuta kabla ya kugeuza kwenda Geita. Yeye na binti yake wapande, wawafikishe hospitali. Je, wako tayari? Akanyoosha mkono kuelekea kwa Limi, akatabasamu, akangoja.

Limi akamtazama Davis.

Watu wote sasa walikuwa wameinua nyuso. Davis alifungua mdomo. Lilikuwa neno dogo tu, hata mtoto wa chekechea angelisema: mpande gari. Akamwambia mgeni, kwa Kiingereza, kwamba hawezi kulifikisha.

"Kwa nini? Kuna mtu amekukataza?"

Mgeni akakunja uso, akageukia mkutano, akaomba mkalimani aulize watu: nani amemkataza mkalimani kusema na mama huyu? Na Davis, maskini, ikambidi aligeuze na hilo. Akawauliza watu wa kijiji chake, kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma, nani amemkataza yeye Davis kusema.

Makoye alisimama, akavua kofia.

"Mwambie mgeni hakuna aliyemkataza. Mwalimu ana mdomo wake na akili yake. Si tumeambiwa sasa hivi kila mtu aseme bila hofu? Basi aseme. Sisi tunamsikiliza."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kukubali. Davis akaligeuza hilo pia kuwa Kiingereza, neno kwa neno, na lilipokwisha alikuwa amebaki huru kabisa, hana hata kamba moja ya kuonyesha.

Akamtafuta mama yake. Klara alikuwa safu ya mbele, ameshikwa mkono na mtoto wa jirani. Macho yake yalikuwa yakitazama upande usio sahihi, hayakumwona mwanawe, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa ameelewa kila kitu. Vidole vyake vikakishika kwa nguvu kile kiganja cha mtoto, akiogopa kisije kikaondoka.

Davis alifunga mdomo. Alijichukia kwa nguvu zake zote, lakini aliufunga.

Eustace, mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akitoka jasho tangu Limi asimame, akapata upenyo. Akasema kwa Kiswahili cha ofisini kwamba serikali haijamtenga mtu yeyote, suala limepokelewa, litafanyiwa kazi, na sasa tumsikilize mwenyekiti wa vijana. Limi bado alikuwa amesimama. Alimwangalia mgeni, akamwangalia Davis, akangoja zaidi kuliko mtu mwingine angeweza kungoja. Kisha akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Wabeja," akamwambia mgeni. Ahsante. Akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya nyumbani, kwa sababu binti alikuwa peke yake.

Mkutano ulipokwisha, Davis alimkimbilia mgeni hadi kwenye gari. Kiingereza hakikuwa kimetengwa. Akamwambia yote: kwamba Limi hakuelewa hata neno, kwamba kimya chake si kukataa, kwamba nyumba ni ile pale, paa lile la bati lililopinda, dakika chache tu. Edward alisikia, akawasha gari bila kuambiwa. Mgeni akafungua mlango, akasema, "Twendeni."

Yule mwanaume mwenye waya sikioni akasema hapana.

Hakupandisha sauti. Alisema hawaingii majumbani ambamo hamjakaguliwa. Alisema hawampakii mtu ambaye hajatoa ridhaa kwa kinywa chake mwenyewe, tena mgonjwa, akifia garini itakuwa kesi ya nchi mbili. Alisema ni lazima wawe wamefika Geita kabla ya giza, ndiyo amri. Mgeni alibishana naye kwa lugha yao, akawa mwekundu mpaka shingoni, akapiga simu, akasikiliza, akaendelea kusikiliza, na Davis akaona mabega yake yanashuka. Kumbe naye ana sungusungu wake.

Alimpa Davis kadi yenye namba. "Apate simu ya mtu yeyote," alisema, "anipigie aseme amekubali tu, nitatuma gari kutoka Kahama." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Wewe unaweza kumpa hii?"

Davis akaipokea kadi. Gari likaondoka, vumbi likatanda mpaka kwenye mihogo, na Edward akapiga honi mara moja, labda ya kuaga.

Basi akawa na kadi. Akaenda nayo kwa mama yake, akakaa nayo. Akawaza kuirusha dirishani kwa Limi, lakini Limi hajui kusoma na simu hana. Akawaza kupiga mwenyewe, akapiga. Mtandao ukamwambia namba haipatikani kwa sasa, njia ya Geita ina mabonde. Akapiga tena. Klara alikuwa akikoroga uji jikoni kwa kupapasa, akasahau kutia sukari, na wote wawili waliunywa hivyohivyo.

Jua lilipokuwa linaegemea, mwano ukapigwa.

Ulitoka ng'ambo ya uwanja, kwenye bati lililopinda. Ilikuwa sauti ya Limi, ndefu, ya kupanda na kuvunjika, mwano kamili kama wanavyofundishwa wasichana tangu wadogo. Kijiji kizima kilitoka. Mwili wa Msukuma hausubiri akili ukisikia mwano. Wanaume walishika fimbo, wanawake walijifunga viuno, Makoye mwenyewe alitoka na filimbi shingoni. Walitoka wote, na kila mmoja akasimama mwisho wa uwanja wake. Hapo walikumbuka nani anaita.

Walisimama hivyo. Mwano ukapigwa mara ya pili. Mkunga wa kijiji, Mwanaima, alikuwa ameshatoka na beseni lake, amelikumbatia, analia waziwazi, na miguu yake haikupita mstari wa mihogo yake. Hakuna aliyemshika.

Mwano wa tatu ulikuwa mfupi. Wa nne haukuja.

"Davis," Klara akasema.

"Naam, mama."

"Kwa nini mwano umekoma? Mbona simsikii tena?"

"Amenyamaza, mama."

Klara alisimama akisikiliza kwa uso wake wote. Kisha akamsukuma mwanawe mgongoni, kwa kiganja, kwa nguvu ambayo Davis hakujua kama bado anayo. "Nenda," alisema. "Nenda, mwanangu. Nimeishi vya kutosha na hawa watu."

Akaenda. Alivuka uwanja mbele ya macho yao wote, na hakuna aliyemzuia, kama Makoye alivyosema. Hapakuwa mbali hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hapakuwa mbali.

Limi alikuwa amekaa kizingitini, mikono magotini. Nyuma yake, ndani, Martina alikuwa amelazwa mkekani na kanga imemfunika toka kichwani hadi miguuni. Tumbo bado lilikuwa kubwa. Mlango ulinuka damu na maji ya moto.

Davis akapiga magoti. "Mayu," alisema. Mama. Lilikuwa neno la kwanza Limi kuambiwa na mtu wa kijiji tangu masika.

Limi alimtazama muda mrefu, akimtafuta ndani ya uso huo yule mtoto aliyemfuta kamasi. Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu, angemtukana, angemtemea mate. Alimwuliza jambo alilokuwa amekaa nalo tangu mchana.

"Yule mgeni alisema nini?"

"Alisema mpande gari, mayu. Walikuwa wanapita Kahama."

"Mimi na Martina?"

"Nyote wawili."

Limi akaitikia kwa kichwa, polepole. Akasogea kidogo kizingitini, akamwachia nafasi ya kukaa.